Mwaka Niliofunga Thelathini Zote

Nianze na ndevu, kwa sababu na wao walianza na ndevu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mke wa mtu, na kila Alhamisi kabla ya kuoga nilijifungia msalani na wembe na kipande cha kioo, nikanyoa kidevu. Nilidhani ni siri yangu. Mama mkwe wangu aliijua siku nyingi, na siku aliyoamua kuisema aliisema mbele ya wageni, sinia la pilau likiwa mikononi mwangu. "Mwanangu kaoa mwenzake," akasema. Watu wakacheka. Mume wangu naye akacheka kidogo, kwa pua, halafu akaomba pilipili. Mumshike vizuri huyo kichwani, maana kucheka kwa pua na kuomba pilipili ndiyo kazi aliyoifanya miaka yote ya ndoa yetu.

Tuliishi kwa mama yake, Temeke, nyumba ya vyumba sita, vingine vya wapangaji, yenye ua wa saruji. Nilikuwaga mpiga chapa kwenye shirika moja la umma, mpaka tukaambiwa shirika litauzwa na sie wa mashine za kuandikia twende nyumbani. Mume wangu mambo yake yalikuwa yamenyooka. Alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini, ofisi yake Kurasini, chumba kimoja katikati ya makontena, na miaka ile kila kitu kilikuwa kinaingia: friji, redio, magari yaliyotumika, marobota ya mitumba. Alikimbiza karatasi kutwa nzima, akarudi jioni ananuka wino na vumbi. Mie nikabaki nyumbani na mama yake, macho yake yakiwa juu yangu toka asubuhi mpaka magharibi.

Alikuwa na mengi ya kutazama. Nilinenepa tumboni bila kula kupita wengine. Shingo yangu nyuma ilikuwa nyeusi, nikaisugua na dodoki mpaka ikatoka damu, na yeye akawaambia wenzake eti mkwe wake haogi. Chunusi nilizotakiwa kuziacha shuleni nilikuwa nazo bado. Na siku zangu zilikuja zilipotaka: miezi mitatu kimya, halafu wiki mbili mfululizo. Miaka minne ya ndoa, sikuwa na mtoto.

Sasa Ramadhani. Nyumba yenye wanawake wengi hakuna asiyejua siku za mwenzake mwezi ule. Aliye kwenye hedhi hafungi wala haswali. Anakula kidogo kidogo jikoni kwa kujificha, kwa heshima ya waliofunga, na siku alizokula anadaiwa, atazilipa baadaye. Wanawake wa nyumba ile walikuwa wakidaiwa sita, saba, kila mmoja zake. Mama mkwe, ambaye zake zilishakoma, alikuwa anaangalia nani yuko kwenye mkeka wa swala na nani yuko jikoni na kipande cha muhogo. Hakuandika popote, lakini ungemuuliza angekutajia wote.

Mwaka ule mie sikukaa jikoni hata siku moja. Zikapita kumi, zikapita ishirini, nipo tu kwenye mkeka. Siku ya ishirini na saba aliniita chumbani kwake. Hakuwahi kuniita chumbani kwake.

"Mwaka huu hudaiwi?" akaniuliza.

"Sidaiwi, mama."

Akanitazama tumboni. Halafu, kwa mara ya kwanza toka nimeolewa, akanishika mkono na kuniambia nikae kitandani, nisikae chini kwenye sakafu ya baridi. Siwezi kusema uongo, nilifurahi. Nilikuwa nimekaa miezi mitatu kavu huko nyuma mara nyingi tu, nilijua haina maana. Lakini akikushika mkono mtu aliyekunyima mkono miaka minne, unaamini lolote.

Kesho yake, siku ya ishirini na nane, nilimwomba mume wangu anipeleke zahanati nikapime. Tulikwenda wote wawili. Nikatoa mkojo, tukasubiri kwenye benchi, nesi akatuletea karatasi ndogo yenye mhuri. Haikuwapo mimba. Mume wangu aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfuko wa shati.

Njiani akaniambia, "Usimwambie mama sasa hivi. Mwache ale sikukuu yake kwa raha. Idd ikipita nitamwambia mwenyewe."

Nikakubali. Hapo ndipo nilipokosea, na sijapata wa kumlaumu kwa hilo ila nafsi yangu. Nilitaka na mie niile sikukuu hiyo. Nilitaka siku mbili za kuitwa mama fulani.

Kumbe mwenzangu yule mama alikuwa keshatangaza. Idd mosi alizunguka mtaa mzima na gauni lake jipya, na kila alipopewa sahani ya kaimati alikuwa na habari ya kulipia. Alishanunua doti mbili za khanga za kumbebea mjukuu. Alizileta mwenyewe nizione, zina harufu ya dukani bado. Mume wangu alipongezwa msikitini. Alipokea pongezi. Nilimwona kwa macho yangu pale barazani akipewa mkono na wazee, anatabasamu, na karatasi sijui ameiweka wapi.

Idd pili, mchana, sebuleni, wageni wamejaa, damu ikanijia. Haikuja kistaarabu. Ilikuja ya miezi mitatu yote kwa mpigo, kwenye kiti chenye kitambaa cheupe alichokifuma mama mkwe mwenyewe. Niliposimama kila mtu aliona.

Dakika za mwanzo walinionea huruma. Walidhani imeharibika. Walinilaza chumbani kwangu, wakanipa maji, mama mkwe analia kweli kweli. Halafu jirani mmoja, mpenda kutafuta neno, akasema taratibu: "Lakini juzi si nilimwona anatoka zahanati?"

Kilio kikakatika. Mama mkwe akaja akasimama juu ya kitanda changu.

"Ulikwenda kufanya nini zahanati?"

"Kupima, mama."

"Kupima nini?"

"Kama nina mimba. Sikuwa nayo."

"Hukuwa nayo, na mie ukaniacha natangaza mtaa mzima?"

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa mlangoni. Nikamwambia, "Mwonyeshe mama karatasi." Akajipapasa mfuko wa shati, akajipapasa wa suruali, shati lenyewe si lile la siku ile. "Nadhani ilipotea," akasema.

Basi, mambo yakaisha hapo. Mbele ya mtaa mzima nikawa mwanamke aliyekwenda zahanati siku ya ishirini na nane ya Ramadhani kutoa mimba ya mumewe. Tulipobaki wawili nilimuuliza kwa nini. Akaniambia mama yake ana presha, akijua kwamba yeye alijua na akamwacha aaibike, atakufa. "Wewe vumilia, yatapita." Yaani mie nibebe kuua ili yeye asibebe kunyamaza.

Hayakupita. Mama mkwe aliacha kula nilichopika. Kikombe changu kikatengwa. Na kila Ijumaa baada ya adhuhuri alikaa chumbani kwake akamsomea Yasini yule mtoto. Ukuta ulikuwa mwembamba, nilimsikia mwanzo mpaka mwisho. Alimwombea mtu ambaye hakuwahi kuwapo hata punje, na alilia, na mie upande wa pili nilikuwa nauma mto kwa hasira. Nilimchukia. Sitalipamba neno hilo.

Nikaanza kuhangaika na mwili wangu, kwa sababu niliona hilo ndilo lililobaki mkononi mwangu. Hospitali ya serikali walinigawa vipande. Dirisha la ngozi wakanipa maji meupe ya kupaka usoni. Nilipotaja hedhi wakaniambia hiyo siyo hapa. Dirisha la kina mama wakasema nikasafishwe kizazi. Nilipotaja ndevu yule kijana akacheka, akaniambia hiyo siyo hapa. Aliyenipima uzito akasema nipunguze kula, hakuuliza nakula nini. Mama mkwe naye akapata mganga wake, akaniletea chupa ya kitu cheusi, akasimama mpaka nikakinywa. Niliharisha siku tatu. Alisema ndiyo dhambi inatoka.

Mama yangu mzazi, aliyekuwa akiishi Mwananyamala, ndiye aliyesikia habari za daktari wa Kinondoni. Serikali ilikuwa imeruhusu tena hospitali za watu binafsi, na mama mmoja wa bara, mstaafu, alikuwa amegeuza gereji ya nyumba yake kuwa chumba cha wagonjwa. Anatibu wanawake tu. Mama akaniambia ana mdomo mbaya. Nikasema nimeshazoea midomo mibaya.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Vua mtandio. Vua na hiyo uliyojifunga kiunoni."

Alinitazama mwili mzima, na sijawahi kutazamwa hivyo na mtu asiyenicheka. Alishika kidevu akakigeuza kwenye mwanga. Alipapasa shingo, akainua mikono yangu akatazama kwapani. Alipima kiuno kwa utepe wa fundi cherehani. Akafungua daftari la shule la kurasa arobaini, akaandika jina langu juu, akaanza kuuliza. Nilivunja ungo lini. Mama yangu ana sukari? Anayo. Na bibi? Alikufa nayo. Asubuhi nakunywa nini, vijiko vingapi. Nalala saa ngapi, naamka mara ngapi. Nani ananikasirisha nyumbani. Nilidhani anatania, nikacheka. Hakucheka, kalamu iko hewani anangoja.

Tulikaa saa nzima na zaidi. Wenzangu wananung'unika nje, yeye hana habari nao.

"Sikiliza," akasema. "Kila mwezi yai linatakiwa likomae, litoke. Ya kwako yanaanza, yanaishia njiani, yanabaki pale pale madogo madogo kwenye kifuko. Damu haiji kwa sababu hakuna kilichotoka. Ikichoka kungoja inakuja yote. Ndevu, shingo, chunusi, tumbo, miezi inayoruka, ni kitu kimoja. Huna magonjwa matano."

Nikamuuliza, "Na ile ya Idd?"

"Ile ni damu iliyochelewa. Hakuna mtoto aliyetoka, hakuna mtoto aliyekuwapo."

Nililia pale hadi kamasi. Nilimwomba aniandikie maneno hayo kwenye karatasi nikamwonyeshe mama mkwe. Akakataa kata kata. Alisema yeye anatibu, haendeshi kesi, na kwamba hakuwapo siku ile. "Nani nyumbani anaujua ukweli?" akauliza. "Mume wangu," nikasema. Akaandika hilo nalo kwenye daftari, chini ya usingizi.

Dawa zake zilikuwa za kwangu peke yangu. Aliniambia aliyetoka kabla yangu, mwembamba kama ufito, ana shida hii hii na hampi hata nusu ya hizi. Mie nikaambiwa niache sembe, nile dona, unga usiokobolewa. Chai bila sukari. Kunde, mchicha, dagaa, muhogo kipande siyo sinia. Nikapewa vidonge vya kupanga siku miezi mitatu, kisha tutaona. Nikaambiwa nilale mchana hata nikitukanwa. Kuhusu kutembea, hakuniambia "fanya mazoezi" hivi hivi. Aliuliza mume wangu anafanya kazi wapi. Nikasema Kurasini. "Basi kila siku mpelekee chakula cha mchana kwa miguu. Mama mkwe hawezi kukukataza kumlisha mwanawe." Kweli, hakuweza. Chai isiyo na sukari ndiyo aliyoichukulia kama tusi, akasema mkwe wake anaogopa kurogwa kwenye kikombe.

Nikawa natembea. Temeke mpaka Kurasini, hotipoti mkononi, malori yananipigia honi, vumbi mpaka kope. Siku za mwanzo miguu iliwaka moto. Mwezi wa pili nikaanza kufika kabla chakula hakijapoa. Hasira nazo niliziachia njiani humo humo, natukana peke yangu, hakuna anayesikia.

Mara nyingi mume wangu nilimkuta ametoka, yuko getini na mizigo yake, nikamsubiri ofisini. Sasa mjue kitu kimoja kuhusu mawakala wa bandarini: hawatupi karatasi. Karatasi moja ikikosekana kontena linakaa mwezi, kwa hiyo kila kipande kina faili, na kila faili lina mahali pake. Siku moja niliona faili lenye jina langu, pembeni mwa rafu. Nikalifungua. Cheti cha ndoa, barua yangu ya kuachishwa kazi, na ile karatasi ya zahanati, imetobolewa vizuri, imepigwa mhuri wa tarehe ya kupokelewa. Aliipokea ofisini siku ile ile ya ishirini na nane.

Nilikaa nayo mapajani mpaka niliposikia viatu vyake. Nikairudisha. Msiniulize kwa nini sikuichukua nikakimbia nayo Temeke. Nilitaka ailete mwenyewe. Nilimtengea chakula, nikasimama, nikamuuliza kwa upole kabisa kama ile karatasi haijaonekana. Akacheka kwa pua. "Bado tu unaiwaza? Ilipotea." Akaniuliza kama nimeleta pilipili.

Wiki hiyo hiyo mama mkwe akapekua begi langu, akakuta vidonge. Kila mwanamke aliyewahi kufika kliniki anavijua, ni vya uzazi wa mpango. Nilimweleza kwamba daktari anavitumia kupanga siku zangu kwanza ili baadaye nishike mimba. Hebu jisikie ukisema hivyo kwa mtu aliyekwisha kukuhukumu. Aliipeleka pakiti uani, akaishika juu, akawaonyesha wapangaji. "Anakunywa vya kuzuia halafu anasema anatafuta mtoto." Mume wangu alikuwa anafunga kamba za viatu. Alizifunga muda mrefu sana.

Nilivinywa hivyo hivyo, navificha ndani ya gunia la unga wa dona, kwa sababu hakuna mwingine aliyeugusa unga huo. Daktari akanibadilishia dawa, akanibadilishia tena. Kila mara alifungua lile daftari, ambalo nililitunza mie, akasoma nilichomwambia mwezi uliopita kabla hajaniuliza jipya. Siku zangu zikaanza kuja. Shingo ikapauka kidogo. Ndevu hazikwenda popote, akaniambia ukweli kwamba hizo nitanyoa, basi ninyoe mchana kweupe. Na mwaka wa pili, baada ya vidonge vya kupevusha mayai, nikashika mimba.

Mama mkwe hakunipongeza. Alinilinda. Alinifuata mpaka mlango wa choo, eti nisije nikamtoa na wa pili. Nikienda kwa daktari alitaka mtu anisindikize. Nilizaa mtoto wa kike, mzima, ana sauti.

Arobaini ikafanywa nyumbani kwake. Wanawake wakajaa, maulidi yakasomwa, ubani umetanda. Mgeni mmoja kutoka upande wa Pugu alimpokea mtoto, akamuuliza mama mkwe kwa wema tu, "Mashaallah, huyu mjukuu wa ngapi kwa mwanao?"

"Wa pili," akasema. "Wa kwanza mama yake anamjua alikompeleka."

Mume wangu alikuwa ndiyo kwanza ameingia na kreti ya soda begani. Nikamwambia kutoka pale nilipokaa, sikupandisha sauti, "Mwambie mama huyu wa ngapi."

Akashusha kreti. "Leo siyo siku yake," akasema.

"Ile karatasi iko wapi?"

"Si nilishakwambia ilipotea."

Nilikuwa nayo. Wiki moja kabla ya kujifungua, miguu imevimba, nilikwenda Kurasini kwa mara ya mwisho na nikaitoa kwenye faili lake. Nilimngoja karibu miaka miwili. Nikaitoa kwenye mkunjo wa khanga, nikampa yule mgeni wa Pugu, kwa sababu alikuwa mwalimu na hakuwa wa upande wowote. Akaisoma kwa sauti: jina langu, siku, hakuna mimba. Akaigeuza. "Na hapa kuna mhuri mwingine," akasema, "wa ofisi ya wakala, Kurasini. Imepokelewa siku hiyo hiyo."

Nilidhani nitafurahi. Nilikuwa nimejiandaa kumtazama yule mama akianguka. Lakini hakunitazama mie kabisa. Alimtazama mwanawe.

"Ulijua?"

Akacheka kwa pua. Naapa, hata hapo.

"Ijumaa zote zile," mama yake akasema. "Ulikuwa unanipita mlangoni namsomea. Unanisikia."

Yule mama akainuka kwa shida, akaenda chumbani kwake, akarudi na zile doti mbili za khanga za Idd, bado zina mikunjo ya dukani. Hakunipa mie. Alizitupa mapajani mwa mwanawe, mbele ya wanawake wote, akamwambia, "Jifunge wewe."

Hakuniomba radhi siku ile wala baada yake. Kikombe changu hakikurudi kabatini na vingine. Mie nilikaa siku tatu nikifunga vitu vyangu, mume wangu anazungukazunguka anauliza tutazungumza lini. Siku ya nne nilimbeba mtoto mgongoni, nikachukua daftari la daktari, nikaondoka kwenda kwa mama yangu Mwananyamala. Begi langu lilibebwa na mama mkwe mpaka kituoni. Njia nzima hakulihamishia bega la pili hata mara moja.